Mahameli si uzi: kusoma kitambaa kabla hakijapanda dirishani

"Nitafutie mahameli, sitaki poliesta." Maneno haya fundi wa mapazia huyasikia mara kwa mara, na akiwa mtu wa subira hunyamaza tu, akaenda kuleta jora. Lakini ombi lenyewe limejifunga. Ni sawa na kuuliza: nyumba ile ni ya matofali, au ni ya ghorofa? Inaweza kuwa vyote viwili. Poliesta ni uzi. Mahameli ni namna ya kufuma. Na mahameli mengi yanayouzwa leo yamefumwa kwa uzi huohuo wa poliesta ambao mteja anaukimbia.

Mkanganyiko huu si kosa la mteja. Majina ya vitambaa yamerithiwa kutoka zama mbalimbali, na kila jina linajibu swali lake. Hariri, pamba, sufu na kitani yanakuambia uzi umetoka wapi: kwa kiwavi, kwa mpamba, kwa kondoo, kwenye shina la mmea. Mahameli na satini yanakuambia nyuzi zimepangwaje. Dameski limebeba jina la mji wa Damascus. Kisha kuna majina ya kibiashara ambayo hayakuambii lolote, ila kwamba muuzaji anajua kupamba. Anayetaka kununua kwa akili inabidi alipasue jina lililo kwenye kibandiko liwe maswali manne: uzi gani, umefumwaje, una uzito gani, na baada ya kufumwa kitambaa kimepitishwa kwenye nini. Swali la tano halihusu kitambaa, linahusu dirisha lako: jua linaingia saa ngapi, na kwa ukali gani?

Nianze na ufumaji kwa sababu ndio unaodanganya macho zaidi. Kitambaa chochote kilichofumwa kina mtande, yaani nyuzi zinazokwenda kwa urefu wa jora, na mshindio unaokatiza kwa upana. Mshindio ukipita juu ya uzi mmoja na chini ya unaofuata, mpaka mwisho, unapata kitambaa cha kawaida, kigumu, kisichong'aa. Sasa uache uzi mmoja uruke juu ya nyuzi nne au zaidi kabla haujazama tena. Hiyo ndiyo satini, ambayo wazee waliiita atlasi. Nyuzi ndefu zilizolala juu bila kukatizwa hurudisha mwanga kama uso wa maji yaliyotulia, na ndiyo maana satini ya pamba nayo hung'aa ingawa haina hata uzi mmoja wa hariri. Ubaya ni kwamba nyuzi hizohizo ndefu hunaswa na kucha za paka, pete na kona za meza. Dameski huchezea jambo hilohilo: nakshi ni satini iliyoelekea upande mmoja na uwanja wake umeelekea upande wa pili, kwa hiyo hata kikiwa cha rangi moja tupu, maua yanaonekana na kupotea kadiri unavyotembea chumbani.

Mahameli yana safu ya nyuzi za ziada zilizosimamishwa juu ya kitambaa kisha zikakatwa, mfano wa nyasi zilizofyekwa. Nyasi hizo zina ulalo. Pitisha kiganja kuelekea chini, rangi inapauka kidogo na kung'aa. Pandisha kiganja, rangi inakolea na kuwa nzito. Fundi akikata vipande vinne vya pazia na kimoja akakigeuza juu chini ili kuokoa kitambaa, dirisha litakuwa na rangi mbili, na hakuna pasi wala sabuni itakayoziweka sawa. Kabla mkasi haujagusa mahameli, mwambie achore mshale kwa chaki nyuma ya kila kipande.

Uzi, jua na maji

Kujua uzi, njia ya zamani bado haijapitwa. Chomoa nyuzi chache ukingoni mwa jora, zishike kwa kibano juu ya sinki la chuma, uwashe. Pamba, kitani na viskosi (uzi wa kiwandani unaotokana na miti) huwaka haraka, harufu yake ni ya karatasi inayoungua, na majivu ni laini ya kijivu. Sufu na hariri hujikunja kuukimbia moto, hunuka nywele zilizoungua, na kinachobaki ni punje nyeusi inayosagika kwa vidole. Poliesta hujikunja, ikayeyuka, na ikipoa inaacha shanga ngumu isiyovunjika. Chomoa mtande na mshindio kila mmoja peke yake, kwa sababu mara nyingi si ndugu. Kitambaa kinachoitwa kitani kinaweza kuwa na kitani upande mmoja tu, na mwingine poliesta yenye vifundo vya makusudi ili ifanane nacho.

Kwa nini ujisumbue? Kwa sababu jua halijali jina. Kioo cha kawaida huzuia sehemu kubwa ya miale mikali ya urujuanimno, lakini miale ya urujuanimno iliyo mirefu zaidi hupenya, na hiyo inatosha kukata nyuzi polepole. Hariri ndiyo inayoumia upesi kuliko zote: inageuka manjano, inakauka, kisha siku moja unavuta pazia na linapasuka kwenye mstari wa rinda, pale jua lilipokuwa likipiga kila siku. Nailoni nayo ni dhaifu. Pamba huvumilia kiasi. Poliesta ikiwa nyuma ya kioo inadumu kupita wengi wanavyodhani, na akriliki iliyotiwa rangi kabla uzi haujasokotwa ndiyo hutengenezewa miavuli na vivuli vya nje. Kwa hiyo yule aliyesema "sitaki poliesta" kwa dirisha linalotazama jua la alasiri huenda amekataa kilichomfaa.

Kuna kudhoofika kwa uzi, na kuna kupauka kwa rangi. Hayo ni mambo mawili. Kwa rangi, viwanda hutumia kipimo cha vitambaa vinane vya sufu ya buluu vilivyopangwa kuanzia 1 mpaka 8. Kitambaa kinachopimwa huwekwa mwangani pamoja navyo, kisha inaangaliwa kimepauka sawa na kipi. Kila daraja linahitaji karibu mara mbili ya mwanga wa daraja lililotangulia ndipo lipauke, kwa hiyo 6 si bora kidogo kuliko 4, ni karibu mara nne. Kwa mapazia tafuta 5 kwenda juu. Namba hiyo kwa kawaida imo kwenye kitabu cha sampuli, nyuma, kwa herufi ndogo ambazo hakuna anayezisoma.

Maji nayo yana hesabu yake. Niliwahi kutundika mapazia ya pamba yenye urefu wa sentimita 240, yamekaa vizuri kabisa, upindo unagusa sakafu. Baada ya miezi kadhaa nikayafua kwa maji ya moto. Yalirudi na sentimita 228, yakawa yanaitazama sakafu kwa mbali. Asilimia 5 tu, na pamba isiyosinyazwa kiwandani hupoteza kiasi hicho bila kuona haya, kwa sababu ilivutwa kwa nguvu ilipokuwa inafumwa na maji yakaja kuilegeza. Dawa ni kufua kitambaa kizima kabla ya kukata, au kuacha upindo mpana wa chini unaoweza kufumuliwa. Viskosi ni shida zaidi: inalegea na kupungua nguvu ikiwa imelowa, na inaweza kusinyaa vibaya. Kitani hakitulii hata bila kufuliwa. Hewa ikiwa na unyevu kinabadili urefu, ikikauka kinabadili tena. Mafundi wazuri hulitundika pazia la kitani bila upindo wa chini, wakaliacha siku kadhaa lijinyooshe, ndipo wakapima na kushona.

Uzito, marinda na hesabu ya mita

Uzito wa kitambaa hutajwa kwa gramu kwa mita moja ya mraba. Shia, lile pazia jepesi linaloonyesha upande wa pili, kwa kawaida halifiki 100. Mapazia ya kawaida huwa kati ya 150 na 250. Ukivuka 300 umefika kwenye mahameli mazito na vitambaa vya makochi. Lakini uzito haukuambii kitambaa kitaangukaje. Kuna kitambaa kizito kinachosimama kama boksi na kingine kizito kinachomwagika kama maji. Kukijua, vuta mita mbili kutoka kwenye jora, zikusanye juu kwa mkono mmoja kama unavyokusanya marinda, uinue mkono. Utaona mwenyewe.

Sasa hesabu, na hapa ndipo pesa hupotea kimyakimya. Chukua dirisha la upana wa sentimita 180. Fimbo inatakiwa ivuke dirisha, tuseme sentimita 20 kila upande, ili pazia likifunguliwa likae ukutani lisizibe kioo. Fimbo imekuwa 220. Pazia lisipokuwa na marinda ni shuka lililotundikwa, kwa hiyo upana wa kitambaa uwe mara mbili mpaka mbili na nusu ya fimbo. Shia linaweza kufika hata mara tatu. Mara mbili ni sentimita 440. Jora la mapazia mara nyingi lina upana wa sentimita 140, hivyo unahitaji vipana (vipande vyenye upana wote wa jora) vitatu na kidogo. Wengi hukata vinne, viwili kila upande, na marinda yakafika mara mbili na nusu.

Urefu ni 240, na ongeza 30 za pindo za juu na chini: 270. Mara vipana vinne ni mita 10.8. Hiyo ni kwa kitambaa kisicho na nakshi. Kama kina maua makubwa yanayojirudia kila sentimita 64, kila kipana lazima kianzie sehemu ileile ya ua, la sivyo maua yatakatika kwenye mshono. Sentimita 270 zinameza marudio manne na kidogo, kwa hiyo unalazimika kukata marudio matano kamili, yaani 320. Mara nne: mita 12.8. Umelipia mita mbili ambazo hazitapanda dirishani. Hizo ni vipande vinne vya nusu mita, na fundi asiposema lolote kuvihusu, mwulize. Vinatosha foronya za mito ya kochi.

Uzito unarudi tena kwenye fimbo. Kitambaa hicho cha maua, vipana vinne vya sentimita 140 kwa 270, ni zaidi kidogo ya mita 15 za mraba. Kikiwa cha gramu 300, ni kilo nne na nusu. Ongeza bitana ya gramu 150, unakaribia kilo saba, na bado hujaweka nguvu ya mkono unaovuta kila asubuhi. Skrubu mbili fupi kwenye plasta haziwezi.

Bitana na uongo wa pazia jeusi

Watu huamini kitambaa cheusi ndicho huleta giza. Rangi inasaidia kidogo, lakini kinachozuia mwanga ni utando. Bitana ya giza totoro hupakwa nyuma matabaka matatu ya povu: jeupe, jeusi, kisha jeupe tena. Tabaka jeusi la katikati ndilo linalofanya kazi, na nyeupe mbili zipo ili weusi usionekane. Ukiweka bitana hiyo, pazia la rangi ya maziwa litaleta giza kama la kaburini. Kuna pia vitambaa vilivyofumwa na uzi mweusi uliofichwa katikati. Hivyo huanguka vizuri zaidi lakini hufifisha mwanga tu.

Bitana hiyo ina aibu zake mbili. Kila tundu la sindano linapitisha mwanga, na asubuhi ya jua kali mshono uliopita katikati ya pazia unaonekana kama mstari wa nyota. Na hata kitambaa kikiwa kamili, mwanga unapita pembeni na juu ya fimbo. Anayelala mchana kwa sababu ya kazi ya usiku atanufaika zaidi na fimbo ndefu inayopinda kurudi ukutani kuliko na bitana ghali.

Kwa joto, tuwe wakweli. Jua likishapita kioo, limeshaingia ndani. Pazia lenye mgongo mweupe hurudisha sehemu ya mwanga nje kabla haujageuka joto. Joto linalobaki hukaa kati ya kioo na kitambaa, hewa ikapanda na kumwagika chumbani kwa juu. Kivuli cha nje, iwe ni shata, kibaraza au turubai, hukizidi chochote unachoweza kutundika ndani. Mahali pa baridi mambo hugeuka: hewa inayogusa kioo hupoa, huteremka nyuma ya pazia na kutokea miguuni, huku hewa ya moto ikifyonzwa kutoka juu. Mzunguko huo hukatika ukiziba juu ya fimbo kwa kisanduku cha ubao. Unene wa kitambaa peke yake hauukatizi.

Blaindi nitazipitia upesi. Za vibao zinakupa uwezo wa kuelekeza mwanga darini badala ya kuufunga, jambo ambalo pazia haliwezi. Za kuviringisha zenye matundu madogo hutajwa kwa kiwango cha uwazi: 1, 3, 5 au 10 kwa mia. Hapa macho yanashangaa: yenye rangi nyeusi hukuonyesha nje vizuri kuliko nyeupe, kwa sababu nyeupe hung'aa usoni mwako, ingawa nyeupe hurudisha joto zaidi. Na kumbuka kwamba matundu hayo hukuficha mchana tu. Usiku ukiwasha taa, wewe ndiye unayeonekana. Kuhusu kamba zinazoning'inia, watoto wamekufa kwa kunyongwa nazo. Kanuni ya Marekani ilibadilishwa mwaka 2018 ili blaindi zinazouzwa tayari dukani zisiwe na kamba ambazo mtoto anaweza kuzifikia. Penye watoto wadogo sioni sababu ya kununua zenye kamba popote.

Kilichopakwa baada ya kufumwa

Swali la nne, la umalizio, ndilo ambalo kibandiko hulificha kuliko yote. Mwaka 1844 Mwingereza John Mercer aligundua kwamba kostiki soda huufanya uzi wa pamba uvimbe na kunywa rangi vizuri. Miongo kadhaa baadaye ikaonekana kwamba ukiuvuta uzi wakati huohuo, unapata mng'ao usiotoka kwa kufua. Huo ni umalizio wa kudumu. Mng'ao wa nta au gundi uliopakwa juu ya kitambaa cha maua, kwa upande mwingine, unaondoka na maji. Dawa za kuzuia moto ni vivyo hivyo: kuna poliesta ambayo kinga imo ndani ya uzi wenyewe, na kuna pamba iliyochovywa dawa ambayo inaweza kupungua nguvu kila ikifuliwa. Cheti cha vyote viwili siku ya kununua kinafanana.

Kwenye makochi muuzaji atakutajia idadi ya misuguo. Vipo vipimo viwili, cha Martindale na cha Wyzenbeek, na mashine zake husugua kwa njia tofauti, kwa hiyo 30,000 za kimoja si 30,000 za kingine na hakuna hesabu ya kuzigeuza. Kwa nyumbani, Martindale ya 20,000 hivi inatosha kochi la kila siku. Namba kubwa ajabu zinazotangazwa hazikuambii kama kitambaa kitatoa vinundu au kama mshono utaachia, na hayo mawili ndiyo huanza kuharibu kochi kabla halijachakaa. Kitambaa cha pazia hakisuguliwi na mtu. Ndiyo maana hakistahimili kukaliwa, hata kikiwa kizuri namna gani.

Ukuta nao ni sehemu ya dirisha, kwa sababu mwanga unaoingia unalala juu yake. Rangi ya kung'aa husafishika vizuri lakini mwanga unaopita ubavuni mwa ukuta huanika kila kovu la plasta, kila alama ya msasa. Rangi isiyong'aa huficha makovu na huonyesha vidole. Ukuta wa kando ya dirisha kubwa upake isiyong'aa. Milango na fremu ziachie kung'aa.

Tena chagua kitambaa kwanza, rangi baadaye. Duka la rangi linaweza kuchanganya karibu rangi yoyote. Kitambaa kinakuja kilivyo. Na usilinganishe dukani. Rangi mbili zinaweza kufanana kabisa chini ya taa moja na kuachana chini ya nyingine, kwa kuwa zimetengenezwa kwa viini vya rangi tofauti. Paka rangi kwenye ubao, usimamishe kando ya kitambaa, uangalie asubuhi, alasiri na usiku taa zikiwa zimewashwa. Mimi huacha ubao siku mbili, na mara mbili tatu nimeshukuru.

Nunua mita zote siku moja, kutoka jora la toleo moja. Kila toleo hupikwa rangi peke yake, na tofauti ndogo ambayo huioni mezani huonekana wazi mapazia mawili yakining'inia bega kwa bega. Kama imeshatokea, usiyachanganye kwenye dirisha moja. La toleo jipya lipeleke dirisha la ukuta mwingine, ambako mwanga unalipiga kwa pembe tofauti, na hakuna atakayejua.